Profesora na Galaksi Isiyo na Jina

Mwalimu aliyetufundisha habari za nyota alikuwa haoni usiku. Jua likishazama, yeye alikwenda kwa kupapasa ukuta, au alibaki ndani na taa yake mpaka kupambazuke. Mji mzima wa Palma, huku pwani ya Msumbiji, ulijua, na mji mzima ulicheka, ingawa kwa adabu. Yeye hakukasirika. Alisema, "Hata ungenipa macho ya paka nisingeiona. Iko mbali mno kwa jicho la mtu. Wewe unayejisifu kuona, umeiona?"

Alikuwa anasema juu ya galaksi yake.

Tulimwita Profesora. Walikuwepo walimu wengine wa kike shuleni, lakini ukisema Profesora, ukanyamaza, kila mtu alijua ni nani. Jina analo na mimi nalijua. Sijawahi kulitamka mbele yake, na sitaanza leo.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa. Alivaa viatu vya turubai na kapulana, kanga ya kwetu, juu ya sketi, na siku zote palikuwa na chaki mahali fulani mwilini mwake, sikioni, kwenye nyusi, au nyuma ya shingo. Hesabu alihesabu kwa Kireno. Akigombeza, aligombeza kwa Kimakonde, kwa sababu alitoka bara, kule juu. Mengine yote alituambia kwa Kiswahili chetu cha pwani, alichojifunza ukubwani na kukisema polepole, kama mtu anayevuka mto akihofia mawe yanayoteleza. Chai aliinywa na sukari nyingi mpaka kijiko kilisimama. Bahari aliiogopa. Miaka yote aliyokaa nasi hakuwahi kufika Vamizi wala Rongui, visiwa ambavyo hata vikongwe wetu huenda kuzika na kurudi siku hiyo hiyo. Mtu alipomuuliza inakuwaje anajua mambo ya mbali hivyo na hajui Rongui, alijibu, "Kule siendi kwa ngalawa."

Picha ya galaksi aliipata alipokwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, kwenye semina ya walimu. Aliilipia mwenyewe kuichapisha kwa rangi, akaibandika kwenye kipande cha ubao, akaifunika kwa plastiki. Ilikuwa na ukubwa wa sinia ya kuchambulia mchele. Kila mwaka, wiki ya pili ya muhula, aliingia nayo darasani kwapani, akaiegemeza ubaoni, akasimama pembeni bila kusema kitu mpaka sisi tuchoke kunyamaza.

Hapo tuliona duara la nuru lililojizungusha. Katikati palikuwa na manjano, kama kiini cha yai la kienyeji. Kutoka hapo mikono ilitoka na kujikunja, rangi ya buluu, yenye vitone. Pembeni kabisa, chini kushoto, palikuwa na kidude kingine kidogo kilichopinda, kama kimeachwa nyuma.

"Inaitwa nani?" aliuliza mtu, kila mwaka.

"Haiitwi. Ina namba. Elfu moja mia mbili thelathini na mbili."

"Haina jina kabisa?"

"Namba inatosha. Mwenye jina watu humzushia maneno."

Kisha alifundisha. Manjano ya katikati ni nyota za zamani, zimezeeka, zimepoa kidogo. Buluu ya mikononi ni nyota changa, zina moto kupita kiasi, na hazitaishi sana. Ile mistari ya giza katikati ya mikono ni vumbi, na humo ndimo nyota mpya zinamozaliwa. Nyota zote hizo zinazunguka kitovu, ila hazizunguki kama gurudumu la baiskeli, kila moja ina mzunguko wake. Tunaiona uso kwa uso, kama mtu anayetazama chapati kwenye kikaango kutoka juu. Tungekuwa ubavuni mwake tungeiona nyembamba, kama chapati iliyoshikwa wima. Na kuna galaksi nyingi za namna hiyo, na sisi wenyewe tumo ndani ya moja, ndiyo maana hatuwezi kuipiga picha yetu. "Huwezi kuona paa la nyumba yako ukiwa umelala kitandani," alisema.

Umbali ndio aliousema mwisho. Nuru ya jua inatufikia baada ya dakika nane, kabla hujamaliza kuosha sufuria iliyoungua. Nuru ya galaksi hii imesafiri miaka milioni mia moja. Aliandika namba ubaoni na masifuri yake yote, akatutaka tuyahesabu kwa sauti.

Mwaka ule kimbunga kilipopita na kuchukua mapaa ya nyumba, watu wazima walikuja shuleni kuitazama picha. Walikuwa wameona kwenye simu picha ya kimbunga iliyopigwa kutoka juu, kikijizungusha vile vile, na uvumi ukaenea kwamba Profesora alikuwa nacho darasani tangu zamani. Mama mmoja alimwomba aichome. Profesora alimpa kiti. Akamweleza kwa saa nzima kwamba kimbunga ni upepo na maji na kinakufa kwa siku chache, na hii ni nyota, na zimefanana umbo tu, kama konokono na pembe ya kondoo. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi igeuze uso ukutani, Profesora." Akaigeuza. Yule mama alipoondoka, akaigeuza tena.

Jambo moja lililomkera lilikuwa mifano. Sheikh wa mtaani kwetu, mtu mpole sana, alimwambia siku moja kwamba galaksi ile ni ishara, kwamba sisi binadamu tunazunguka kitovu kimoja bila kukiona. Kwenye kanisa la Profesora mwenyewe, katekista naye alishataka aje aseme na vijana, juu ya nuru inayosafiri gizani bila kuchoka. Wote wawili aliwajibu kitu kimoja. "Semeni ya kwenu, mimi siwazuii. Mimi nasema upana wake na umbali wake. Galaksi si mfano wa kitu. Galaksi ni galaksi." Na huyu huyu alikuwa haachi misa, na rozari yake ilikuwa imechakaa mpaka punje mbili zilikuwa za mbegu za mtama badala ya plastiki. Sikuwahi kumsikia akiunganisha mambo hayo mawili. Sijui aliyaweka wapi.

Alikuwa mkali. Sitaki kumpamba. Neno alilolichukia ni "labda" la mvivu, na swali lake lilikuwa moja: "Unajua au unadhani?" Ukisema unajua, alitaka kujua umeonaje. Ukisema unadhani, hakukugombeza, aliandika jibu lako upande wa kushoto wa ubao. Ukidanganya kwamba unajua, ulisimama mpaka kipindi kiishe. Mimi nilisimama mara nyingi. Mdogo wangu Mwanasha alisimama mara nyingi zaidi, mpaka akachoka akaacha shule, akaenda kutafuta pweza miambani na wanawake wengine wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mbali. Alikuwa na akili kuliko mimi. Kusimama ndiko kulikomshinda.

Halafu ikaja habari ya milioni arobaini.

Mimi nilikuwa nimeshamaliza, nafundisha shule ya msingi. Kumbe Profesora alipata kitabu kipya, au mtu alimtumia maandishi kwenye simu, sikumbuki sawasawa, na humo akakuta kwamba waliopima galaksi ile wamepima upya. Haiko miaka ya nuru milioni mia. Iko kwenye milioni sitini hivi, pungufu ya arobaini. Mtu mwingine angefuta ubaoni, akaandika namba mpya, akaendelea na mwaka. Yeye alichukua madaftari ya zamani ya mahudhurio, akaandika majina ya wote aliowahi kuwafundisha ile ya kwanza, akaanza kuwatafuta.

Alikwenda benki akamwambia karani dirishani. Alikwenda kwa fundi cherehani. Mimi alinikuta nyumbani nachambua mchele. Na siku hiyo hiyo tulikwenda naye sokoni kwa Mwanasha, aliyekuwa amepanga pweza wakavu kwenye gunia, na bintiye mdogo, Rehema, amelala mgongoni.

"Mwanasha," Profesora alisema, hata salamu hakutoa. "Futa. Si mia. Ni sitini."

Mwanasha alitazama pweza wake, akadhani ni bei. "Sitini kitu gani?"

"Milioni sitini. Galaksi. Nilikufundisha vibaya."

"Ah, Profesora. Mimi niliacha shule."

"Uliacha baada ya somo lile. Nimeangalia daftari. Ulikuwepo."

"Sasa milioni arobaini zinanihusu nini mimi?"

"Wewe hazikuhusu. Zinanihusu mimi. Nilisema najua, kumbe nilikuwa nadhani. Na kitu kikiwa karibu zaidi, basi ni kidogo zaidi kuliko nilivyosema, kwa hiyo upana nao ni uongo. Upunguze."

Mwanasha alicheka mpaka mtoto akaamka. Alikuwa na kicheko cha kuvuta pumzi, kama mtu aliyepaliwa. Kisha akasimama wima kama tulivyokuwa tukisimama darasani, akasema, "Nimefuta, Profesora. Nimepunguza." Akamfungia pweza kwenye gazeti. Profesora, ambaye hakupokea zawadi ya mzazi yeyote, alimpokea pweza yule.

Baba yetu alipofariki, hakuja. Mama aliliona hilo na likamwingia moyoni. Siku ya kumi, watu wote wameshaondoka na mikeka imekunjwa, ndipo alipofika na gunia la unga wa muhogo kichwani. Alikaa uani kuanzia asubuhi mpaka karibu na magharibi, hakusema hata sentensi tatu, akaondoka kabla ya giza. Nilipomsindikiza, nilimuuliza kwa nini hakuja siku ya kwanza. "Siku ya kwanza wapo wengi," alisema.

Vita vilipofika Palma, mimi nilikuwa Pemba. Nilikuwa nimempeleka Rehema hospitali, sikio lilimuuma miezi. Mama alitoka na majirani kwa mashua mpaka Pemba akatukuta. Mwanasha hakutoka na mama. Alikuwa sokoni milio ya risasi ilipoanza, na watu wa sokoni walikimbilia upande wa bara.

Kilichofuata nitakisema kwa ufupi kwa sababu sikumbuki kwa urefu. Tulikaa Pemba kwenye chumba cha mtu. Nilipanga foleni. Nilipika. Nilimsuka Rehema. Watu waliniuliza hali yangu, nikawajibu nzuri, na ilikuwa kweli kwa namna fulani, kwa sababu sikuwa nasikia chochote, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Habari za Mwanasha zilikuja mara tatu. Wa kwanza alisema ameonekana amevuka Ruvuma, yuko Tanzania, anauza maandazi. Wa pili alisema amefariki kwa amani, usingizini, na neno lake la mwisho lilikuwa jina langu. Wa tatu alisema ni kweli alikuwa anaumwa, lakini Profesora alimwacha kwa watu wema na bila shaka amepona.

Mama alishika ya kwanza. Tuliporudi Palma, nyumba yetu ikiwa na kuta tu, alianza kumwekea Mwanasha vitu. Kapulana mbili mpya. Sufuria. Kitanda cha kamba, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Hatukusoma hitima. Huwezi kumsomea mtu anayeuza maandazi. Watu walipita, wakatoa pole nusu nusu, hawajui wampe nani pole na kwa lipi. Mwaka ukapita, na mwingine. Mimi nilirudi kufundisha. Niliposikia mtu analia nyumba ya pili, niliinuka nikafunga dirisha.

Ndipo mama mmoja anayeleta muhogo kutoka Pundanhar aliponiambia kwamba kule kuna mwanamke analima ufuta, mfupi, anayewauliza watoto wa watu kama wanajua au wanadhani.

Nilipanda lori la magunia. Barabara ile unaijua, na kama huijui basi. Nilifika saa sita mchana. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya udongo, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anapepeta ufuta. Amekonda. Miguu ilikuwa imevimba, na viatu vilikuwa vya plastiki, vya mwanamume. Chaki haikuwepo popote.

Aliniona, akaweka ungo chini.

"Fatima. Nilituma watu watatu kwako."

"Walifika, Profesora."

"Walikwambia nini?"

Nikamwambia. Ya maandazi, ya jina langu, ya watu wema. Kila nilipomaliza moja alifumba macho kama mtu aliyepigwa jua. Nilipomaliza zote, alisema, "Sikusema hata moja katika hizo. Wote watatu niliwaambia kitu kimoja. Nimekuwa nikilima hapa nikidhani mnajua."

"Basi niambie mimi."

Alimwita jirani achukue ufuta, akanipa maji, akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

"Nitakwambia niliyoyaona. Nisiyoyaona nitakwambia sikuyaona. Usiniombe niongeze."

"Sikuombi."

Alisema walikutana na Mwanasha kwenye mashamba ya mihogo nje ya mji, siku ile ile. Mwanasha alikuwa amekatwa na bati mguuni, juu ya kifundo, wakati wa kukimbia. Walikuwa kundi la watu kama ishirini. Mchana walijificha, usiku walitembea. Na Profesora usiku alikuwa kipofu. Watu walisema atawachelewesha, abaki. Mwanasha akafungua kapulana yake, akafunga ncha moja kiunoni mwake na nyingine mkononi mwa Profesora, akamvuta. Usiku wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Mwenye mguu mbovu alimvuta asiyeona.

"Nilimwambia aniache," alisema Profesora. "Mara ngapi, sikuhesabu. Alisema, nikikuacha nani atanifutia makosa?"

Nilitazama mkeka.

"Usiku wa tatu alikuwa na homa. Aliongea ili asilale. Akaniuliza, Profesora, kile kitu chako, nacho kinakimbia? Nikamwambia ndiyo, kinakwenda mbali na sisi, kilomita elfu moja na mia sita kwa kila sekunde. Akauliza, na sisi? Nikamwambia, sisi pengine kilomita moja kwa saa. Akacheka. Watu wakamnyamazisha."

"Alicheka vipi?"

"Kama anavyocheka. Kama amepaliwa. Hilo nililisikia vizuri. Nilikuwa nyuma yake tu."

Asubuhi yake hakuweza kuinuka. Kundi likaenda, wakabaki wao wawili na mzee mmoja wa Pundanhar aliyekuwa anarudi kwake. Walikaa kwenye kichaka kando ya kijito kilichokauka. Mguu ulikuwa mweusi. Alasiri, jua likiwa limeinama lakini bado kali, Mwanasha aliomba maji. Yalikuwepo kidogo, akanywa. Akasema miguu inamwasha. Baada ya hapo hakusema tena neno ambalo Profesora alilisikia.

"Waliniambia alinitaja," nikasema.

"Mimi sikusikia."

"Hata mara moja?"

"Siku zile tatu alimtaja Rehema mara nyingi. Wewe alikutaja usiku wa pili, alisema una bahati ya kuwa na viatu vizuri. Mwishoni sikusikia jina la mtu."

Niliitikia kwa kichwa. Niliona kuku anapita, nikamtazama mpaka akaingia jikoni.

"Midomo ilikuwa inatembea," alisema Profesora. "Sijui ilisema nini. Nilijua kwenu kuna maneno. Nimeishi nanyi miaka mingi, nimeyasikia misikitini na misibani. Nikamsomea mimi sikioni." Akayasema, pale kwenye mkeka, kwa Kiarabu cha mtu wa bara, kila silabi peke yake: la ilaha ila Allah. "Nakumbuka iko nusu nyingine. Ile sikuijua. Sikutaka kukisia. Nikairudia hii hii mpaka akatulia. Imekuwa ikinisumbua, Fatima. Nilimpa nusu."

"Anayekufa husomewa hiyo," nikasema. "Hiyo yenyewe. Inatosha."

Alinitazama. Nikajua anachotaka kuuliza, nikamjibu kabla.

"Najua. Nimefundishwa hivyo."

Alishusha pumzi, akajipangusa uso kwa kapulana, ingawa haukuwa na machozi. Wangu pia haukuwa nayo.

Yule mzee alichimba kwa jembe la mkono. Profesora aliniambia mahali: jiwe gani, umbali gani kutoka kijito, kichwa kilielekezwa wapi. Mzee alikuwa Mwislamu, alijua upande wa kibla. Walimfunika kwa ile kapulana waliyokuwa wakivutana nayo. Jioni ile ile wakaanza kutembea tena, na giza lilipoingia mzee akatangulia kwake, Profesora akakaa chini akasubiri asubuhi, kwa sababu hakukuwa na wa kumvuta.

Nilimshukuru. Nikamwambia kwamba mama bado anaamini maandazi. Nitamwambia mimi kesho.

"Wewe hukuona," alisema. "Ukimwambia wewe, yatakuwa maneno ya mtu wa nne." Akaanza kutafuta fimbo yake.

Tulilala Pundanhar, tukaondoka asubuhi na lori lile lile. Njiani nilimwambia kwamba shule haina mwalimu wa fizika, mkurugenzi amenisihi nikimpata nimwombe arudi. Alisema hapana. Nikamuuliza ni kwa sababu ya miguu? Alisema si miguu. Anaposimama mbele ya watoto siku hizi, kichwa kinakuwa kitupu, hata namba zinaondoka. Alijaribu na watoto watatu wa Pundanhar. Aliwauliza lile swali lake, wakajibu, na yeye akakuta hajali jibu. "Siumwi," alisema. "Ni kama radio iliyoisha betri." Sikumbembeleza. Nilikuwa najua radio hiyo.

Mama alikuwa uani anachambua dagaa. Alimwona Profesora akiingia nyuma yangu na fimbo, na akaacha kuchambua. Mikono yake ilibaki hewani juu ya sinia. Nadhani alijua hapo. Nimesema nadhani.

Profesora hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alikaa chini, mbele ya mama, karibu kabisa, miguu yake iliyovimba imekunjwa kwa taabu.

"Mama," alisema, "nilikuwa na Mwanasha. Amefariki. Nilikuwepo."

Akamwambia yote, kwa mpangilio ule ule, maneno yale yale. Hakulainisha mguu wala kuongeza jina. Rehema alikuwa mlangoni, nilitaka kumwondoa, mama akafanya ishara kwa kidole: mwache. Profesora alipofika kwenye kicheko cha usiku wa tatu, mama aligeuza uso kidogo, kama anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta. Alipofika kwenye jiwe na kijito, mama aliuliza kibla, akaambiwa. Nzi walikuwa juu ya dagaa na hakuna aliyewafukuza.

Mama aliuliza swali moja tu.

"Alikuwa na njaa?"

Nilitamani, mara ya kwanza na ya mwisho tangu nimjue Profesora, adanganye.

"Ndiyo, mama. Sote tulikuwa na njaa."

Mama aliinuka. Alikwenda jikoni, tukasikia anapuliza moto. Nilimfuata, akanifukuza kwa kiwiko. Alipika shima, ugali wa kwetu, na dagaa wale wale, akaweka nazi, akaweka ndimu, akapakua sahani moja kubwa, sahani ya mwanamume aliyetoka shamba. Akaja nayo, akaiweka mbele ya Profesora, akamnawisha mikono mwenyewe kwa birika, kama anavyonawishwa mgeni wa heshima.

"Kula," alisema.

Profesora alikula. Alikula polepole, na mama alikaa mbele yake akimtazama kila tonge, kutoka sahani mpaka mdomoni, na kila alipotaka kuacha mama alisukuma sahani mbele kidogo. Alikula mpaka sahani ikabaki na miiba tu, na miiba nayo mama aliikagua.

Kisha akaichukua sahani, akaniambia bila kunigeukia, "Nenda kawaambie watu. Kesho tunamsomea."

Nikavaa viatu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani. Nikapiga hodi, mkewe akatoka na mtoto kiunoni, akaniuliza kulikoni, nami nikafungua mdomo kumwambia.